Ndege, spika na mahakama: pa kuanzia kwenye rap ya Hispania na muziki wa Wabaski

Anayefuatilia La Liga anayajua majina yale. Mtangazaji akifika kwa Oyarzabal anapita salama, akifika kwa Arrizabalaga ulimi unajikwaa. Majina hayo yaliyojaa z na k si ya Kihispania, ni ya Kibaski, na mkanganyiko ninaotaka kuufumua leo unaanzia hapo hapo.

Kila habari za rapa wa Hispania aliyehukumiwa kwa sababu ya mistari yake zinaporudi mitandaoni, vijana wetu wanaopenda hip hop ya kiharakati huulizana: tumsikilize nani? Majibu huwa pilau lililochanganywa na uji. Mmoja ataleta bendi ya panki ya mwaka 1985 kutoka Irun, mwingine rapa wa Valencia, wa tatu mzee wa gitaa aliyekwisha kufariki, na hakosi mtu wa kutupia regetoni ya Puerto Rico. Msikilizaji mgeni anajaribu nyimbo tatu, haelewi lugha, hajui mwimbaji amekasirishwa na nini, anarudi zake kwenye singeli. Simlaumu hata kidogo.

Tuanze na majina ya vitu. Hispania ni dola moja yenye lugha kadhaa. Kihispania ndicho cha wote. Kikatalani kiko Barcelona, ukanda wa mashariki na visiwa kama Mallorca. Kigalisia kiko kaskazini-magharibi. Hizo tatu ni ndugu, watoto wa Kilatini, kama Kiswahili, Kikamba na Kizulu walivyo wa ukoo wa Kibantu. Kibaski, ambacho wenyewe hukiita Euskara, hakimo kwenye ukoo huo wala hakina ndugu anayejulikana popote duniani. Kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka wa Hispania na Ufaransa, katika majimbo 7 ambayo kwa ujumla wao huitwa Euskal Herria. Kwa hiyo anayesema Kibaski ni lahaja ya Kihispania amekosea kama yule anayesema Kimaasai ni lahaja ya Kiswahili kwa sababu vyote viko Tanzania.

Sasa, tunaposema rap ya Hispania tunautaja mtindo: watu wanaochana, biti chini, mistari juu. Tunaposema muziki wa Kibaski tunaitaja lugha, na ndani ya lugha hiyo kuna kila kitu: panki, roki nzito, ska, rap, kodiani za kijijini, nyimbo za gitaa moja. Ni sawa na kuweka "bongo fleva" upande mmoja na "muziki wa Kiswahili" upande wa pili. Vinakutana mahali, lakini si vitu vya aina moja. Na kuna wasanii wanaosimama katikati. La Furia, kwa mfano, ni rapa wa kike kutoka Cascante, kusini mwa Navarra. Navarra ni mojawapo ya yale majimbo 7, lakini kwao kusini wanaongea Kihispania na yeye anachana kwa Kihispania, tena kwa ukali, juu ya haki za wanawake.

Neno la mwisho la kufafanua ni "siasa", na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mgeni hudhani wimbo wa kisiasa ni ule unaomtaja waziri kwa jina na kumtukana. Kwenye rap ya Hispania mara nyingi ndivyo ilivyo. Kwa Wabaski, siasa inaanza mapema zaidi: mtu akifungua kinywa tu na kuimba wimbo wa mapenzi kwa lugha ile, tayari ameshachukua upande.

Kwa nini? Turudi nyuma kidogo. Jenerali Franco alishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1939 akatawala mpaka alipofariki Novemba 1975. Katika miaka hiyo Kibaski kilifukuzwa shuleni na maofisini, na hata majina ya Kibaski yalikataliwa kwenye usajili wa watoto. Shuleni, enzi hizo na hata kabla yake, kulikuwa na adhabu ya pete: mtoto anayenaswa akiongea Kibaski anakabidhiwa pete, naye anamtafuta mwenzake wa kumtegea ili amwachie, na atakayekutwa nayo mwisho ndiye anayechapwa. Waliosoma Kenya wanatabasamu kwa uchungu hapa, kwa sababu kitu hicho hicho wanakijua kwa jina la "monto" au "disk". Mtoto anafundishwa kuwachongea wenzake kwa kosa la kuongea kama mama yake.

Wazazi wakajibu kwa kuanzisha shule zao za Kibaski, ikastola, nyingine kwa siri. Mpaka leo shule hizo hufanya sherehe kubwa za kuchangisha fedha, harambee kamili, na kila mwaka hutungwa wimbo maalumu wa sherehe. Kuna pia Korrika, mbio za kupokezana kijiti zilizoanza mwaka 1980 kwa ajili ya kuchangia lugha, nazo kila zinapofanyika zina wimbo wake. Ukikutana na wimbo wa Kibaski wa furaha tele, kodiani zinalia na watoto wanaitikia, usidhani ni wa harusi. Huenda ulitungwa ili darasa liezekwe.

Ndani ya hali hiyo, miaka ya 1960, kikaibuka kikundi cha wasanii kilichoitwa Ez Dok Amairu, mmoja wao akiwa daktari kwa taaluma, Mikel Laboa. Wimbo wake unaoitwa "Txoria txori" ndio mlango ninaompitisha kila mgeni. Maneno ni ya mshairi Joxean Artze, nayo ni machache kuliko ya kanga: ningalimkata mabawa angekuwa wangu, asingeondoka, lakini asingekuwa ndege tena, na mimi niliyempenda ni ndege. Basi. Hakuna bendera, hakuna serikali, hakuna risasi. Sisi tuliolelewa na taarab hatuhitaji kufundishwa fumbo kama hilo linavyofanya kazi. Mmoja anasikia mapenzi, mwingine anasikia lugha iliyokatwa mabawa, wa tatu anamsikia mtoto wake aliyehama nyumbani, na wote wanaimba pamoja.

Kwa njia, jina hilo tamka "choria chori". Tx ni ch, x ni sh, z inasomeka karibu na s, na irabu ni tano zile zile zetu, a, e, i, o, u. Msomaji wa Kiswahili anaisoma Kibaski kwa sauti vizuri kuliko Mwingereza yeyote, hata kama haelewi neno.

Kuna jambo jingine litakalomfanya Mswahili ajisikie yuko kwao: bertsolaritza, sanaa ya kutunga na kuimba mashairi papo kwa papo. Mtunzi anasimama jukwaani mikono mitupu. Mwongozaji anampa mada, tuseme: "Wewe ni muuguzi, leo ni siku yako ya mwisho kazini." Ukumbi unanyamaza. Mtunzi anatazama chini sekunde kadhaa, kisha anaanza kuimba, kwa lahani maalumu, beti zenye vina na mizani. Bahari moja maarufu ina mistari 8, mizani 7 na 6 kwa kupokezana, na vina vinne vya mwisho lazima vifanane. Siri yao, wanayoieleza wenyewe bila kificho, ni kwamba hutunga mstari wa mwisho kwanza, halafu hurudi mwanzo kutafuta njia ya kuufikia. Anayejua uzito wa kituo kwenye shairi letu la tarbia anaelewa mara moja. Fainali ya ubingwa hufanyika kila baada ya miaka minne, na ile ya mwaka 2009 pale Barakaldo ilihudhuriwa na watu zaidi ya 10,000. Walikaa siku nzima kusikiliza ushairi! Siku hiyo Maialen Lujanbio akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa. Kwa hiyo rap ilipofika kwa Wabaski haikukuta uwanja mtupu. Ilikuta watu ambao tayari walikuwa wakichana bila biti.

Twende miaka ya 1980, kwa sababu huko ndiko muziki wa Kibaski unakopewa jina baya. Franco amekufa, katiba mpya ya mwaka 1978 ipo, lakini viwanda vya chuma na meli vinafungwa, vijana hawana kazi, heroini imejaa mitaani. ETA, kundi lenye silaha lililoanzishwa mwaka 1959, linaua; mpaka linatangaza kusitisha mashambulizi kabisa mwaka 2011 lilikuwa limeua watu zaidi ya 800. Upande wa pili GAL, vikosi vya siri vilivyoendeshwa na watu wa dola, navyo vinaua. Vijana wanavamia majengo yaliyoachwa na kuyageuza kumbi zao, gaztetxe, maana yake nyumba ya vijana. Huko ndiko bendi za panki zilikozaliwa kwa makumi: Eskorbuto, Hertzainak, La Polla Records, Kortatu. Nyingi ziliimba kwa Kihispania, jambo ambalo wageni husahau.

Kortatu, bendi ya ndugu wawili Fermin na Iñigo Muguruza na mwenzao wa ngoma, ina wimbo ambao lazima uelezwe kabla ya kusikilizwa. Tarehe 7 Julai 1985 mwimbaji Imanol Larzabal alikwenda kutumbuiza wafungwa katika gereza la Martutene, San Sebastián. Onyesho likaisha, mafundi wakafunga vyombo, spika zikapakiwa kwenye gari, gari likatoka getini. Wakati wa kuhesabu wafungwa, wawili hawapo. Walikuwa ndani ya spika. Mmoja wao alikuwa mwandishi Joseba Sarrionandia, mfungwa wa ETA. Kortatu wakachukua mdundo wa Toots and the Maytals, kundi la rege kutoka Jamaika, wakautia maneno ya Kibaski, ukawa "Sarri Sarri", wimbo ambao kwenye sherehe za mitaani kule hauachi mtu ameketi.

Mgeni akiusikia tu anahukumu: kumbe muziki wa Kibaski ni muziki wa magaidi. Hapo ndipo namwambia asikilize upande wa pili wa hadithi hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, 1986, ETA ilimuua Yoyes, aliyekuwa kiongozi wake wa zamani, kwa kosa la kujitoa na kurudi nyumbani. Alipigwa risasi akiwa na mtoto wake mdogo. Imanol, mwimbaji yule yule ambaye spika za onyesho lake zilitorosha wafungwa, alipanda jukwaani kumuenzi marehemu. Tangu hapo akawa msaliti machoni pa wengi. Vitisho, maonyesho kususiwa, kuta kuandikwa jina lake. Mwaka 2000 akahama nchi ya Wabaski kabisa, na mwaka 2004 akafariki mbali na kwao. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kifua, na aliimba kwa Kibaski. Anayekwambia wanamuziki wa Kibaski wote walikuwa na msimamo mmoja, muulize habari za Imanol.

Fermin Muguruza ndiye daraja kati ya panki hiyo na rap. Albamu ya mwisho ya studio ya Kortatu, mwaka 1988, ilikuwa kwa Kibaski kitupu, lugha ambayo Fermin alikuja kujifunza ukubwani. Hebu fikiria msanii mwenye mashabiki Hispania nzima anaamua kuimba kwa lugha ambayo wengi wao hawaielewi. Mwaka 1990 akaja na Negu Gorriak, kwa tafsiri ya neno kwa neno "vipupwe vyekundu", yaani baridi kali. Humo kuna gitaa la panki, kuna biti na pumzi ya Public Enemy, kundi la rap la Marekani, kuna ngoma za kienyeji. Wimbo wao mmoja wa mwaka 1991, ambao jina lake maana yake ni uozo, ulizungumzia tuhuma za dawa za kulevya dhidi ya Guardia Civil, kikosi cha polisi wa Hispania chenye muundo wa kijeshi. Afisa wa ngazi ya juu wa kikosi hicho, Enrique Rodríguez Galindo, akawashtaki. Wakashindwa kwenye mahakama za chini, wakaamriwa kulipa fedha nyingi, na kesi ikaendelea hata baada ya bendi kuvunjika. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ikaitupa. Mwaka huo huo Galindo mwenyewe alihukumiwa kwa utekaji na mauaji ya vijana wawili wa Kibaski. Bendi ilirudi jukwaani mwaka 2001 kusherehekea, ikazima tena.

Sasa rap ya Hispania yenyewe. Hadithi yake nzuri inaanzia Torrejón de Ardoz, mji ulio karibu na Madrid ambako Marekani ilikuwa na kambi ya jeshi la anga. Wanajeshi walikuja na santuri zao na vijana wa mji wakazidaka. Mmoja wa vijana hao, Frank T, alizaliwa Kinshasa. Mwingine, El Chojin, baba yake anatoka Guinea ya Ikweta. Wanaodhani Mwafrika aliingia kwenye rap ya Hispania juzi na wimbi la wahamiaji hawajui kwamba alikuwa miongoni mwa walioweka msingi, na kwamba mistari dhidi ya ubaguzi ilikuwepo mapema. Baadaye Zaragoza, mji mwingine wenye historia ya kambi ya Marekani, ukatoa Violadores del Verso, na Andalusia, kusini mwa Hispania, ikamtoa Mala Rodríguez, ambaye mwaka 2019 alipewa tuzo ya taifa ya muziki. Hawa wawili wa mwisho si wa kisiasa sana, nawataja kwa sababu ndio walioifanya Hispania izoee kusikia lafudhi zake yenyewe kwenye rap.

Wa kisiasa hasa ni Los Chikos del Maíz wa Valencia, Nega na Toni, walioanza mwaka 2005. Jina lao limetoka kwenye filamu ya kutisha, lakini tazama ile k. Kwa tahajia sanifu ya Kihispania ingekuwa c. Kuweka k mahali pake ni mazoea ya panki na wavamia majengo kwa miongo, aina ya sare isiyoshonwa. Ukiona k mahali isipostahili, umeshajua uko upande gani wa barabara. Hawa ni Wamaksi wasiojificha, wenye maskhara, na wanaotaja filamu, wachezaji wa mpira wa kikapu na wanafalsafa kwenye ubeti mmoja. Walipata umaarufu wakati mgogoro wa uchumi wa mwaka 2008 ulipowatupa watu nje ya nyumba zao na Mei 2011 viwanja vya miji vikajaa waandamanaji. Ukali wao ni wa tabaka: nani anasafisha, nani anachafua. Ila nasema kweli, bila tafsiri pembeni utabaki unatikisa kichwa tu.

Kwa moyo wangu, anayewazidi wote ni Gata Cattana, binti wa Adamuz, kijiji cha Córdoba, aliyesomea sayansi ya siasa. Huyu hakupiga kelele. Alichana kama anakusimulia jikoni, akichanganya miungu ya Wagiriki, vibarua wa mizeituni na hasira ya wanawake, kwa lafudhi ya Andalusia ambayo watu wa mjini huicheka. Alifariki Machi 2017 akiwa na miaka 25, na albamu yake "Banzai" ikatoka baada ya kifo chake.

Na wale waliohukumiwa? Pablo Hasél, rapa wa Lleida, mji wa Katalunya, alikamatwa tarehe 16 Februari 2021 ndani ya chuo kikuu alikojifungia, kutumikia miezi 9. Barcelona ikawaka usiku kadhaa. Valtònyc wa Mallorca, anayechana zaidi kwa Kikatalani, alihukumiwa miaka 3 na nusu, akakimbilia Ubelgiji mwaka 2018, na mahakama za huko zikakataa kumrudisha. Wengi huandika kwamba wamehukumiwa kwa "ley mordaza", sheria ya kuziba midomo. Sivyo. Sheria inayoitwa hivyo ni ya usalama wa raia ya mwaka 2015, na kazi yake ni faini. Marapa hawa walihukumiwa kwa kanuni ya adhabu, kwa makosa kama kutukuza ugaidi na kutukana ufalme. Tofauti yake ni kama ile ya faini ya trafiki na kesi ya jinai: vyote vinauma, lakini kimoja tu ndicho kinachokulaza ndani. Tena si kila hukumu ilisimama. Msanii wa kundi la Def Con Dos aliyepewa mwaka mmoja kwa maandishi ya mtandaoni alifutiwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2020. Na neno langu la pembeni: mtu anaweza kuwa na haki ya kutofungwa bila wimbo wake kuwa mzuri. Hasél simpi mgeni siku ya kwanza.

Ningekuandalia mezani hivi. Laboa kwanza, usiku, bila kufanya kazi nyingine. Kesho yake Gata Cattana, na tafsiri ya maneno mbele yako. Halafu Kortatu kwa sauti ya juu, na baada yao Imanol, kwa mpangilio huo huo, usiugeuze. Negu Gorriak wafuate ukishazoea. Los Chikos uwape siku ya mapumziko. Berri Txarrak wa Lekunberri, jina lao maana yake "habari mbaya", waliimba roki kwa Kibaski tu kuanzia mwaka 1994 hadi walipoagana na mashabiki mwaka 2019. Hao ni wa kwenye daladala, asubuhi.

Ukibakiwa na dakika tano, tafuta txalaparta. Ni mbao ndefu zilizolazwa juu ya viegemeo, na wachezaji wawili wamesimama upande mmoja, kila mtu na miti miwili mikononi, wakizigonga kwa kupokezana. Mmoja anashika mwendo sawasawa, mwenzake anauvuruga makusudi, naye anautengeneza tena. Inahusishwa na kazi ya kuponda matofaa ya kutengenezea kinywaji. Uliyekua ukisikia wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wakati wa yule unashuka, utaitambua kabla sijakueleza zaidi.